Chungu cha Chibago

"Chungu cha kipimo hakiongezwi maji." Mmeisikia kwa wakubwa wenu, nanyi vijana mkauliza chimbuko lake. Methali hii ilianza hivi.

Katika nchi kame ya Itumbilo aliishi Chibago, fundi wa malambo, mtu wa neno moja, ambaye tuta lake halikuwahi kuvuja. Kipimo chake kilikuwa chungu kilichotobolewa kitako. Watu wakishaushindilia udongo wa tuta kwa michi na kwato za ng'ombe, alikipandikiza juu yake, akakijaza maji hadi alama ya mkaa, akakifunika kwa kawa. Siku ya tatu, maji yakiwa yameshuka chini ya alama, tuta lilishindiliwa upya, hata kama viganja vya watu vilitoka damu.

Mwaka huo alijenga lambo juu ya bonde alikoolewa binti yake, Mbeleje, aliyekuwa amejifungua mapacha.

Chungu kilikaa kando ya njia ya kisimani. Na huko Itumbilo kulikuwa na desturi: apitaye penye chungu cha njiani akakikuta kimepungua, humimina kidogo kwa ajili ya mwenye kiu atakayefuata. Chibago aliijua desturi hiyo. Hakuweka mlinzi, aliona ni fedheha chungu cha Chibago kulindwa.

Siku ya tatu, mbele ya watu wote, alifunua kawa. Maji yalikuwa yamelamba alama.

"Udongo umeshika!" akatangaza. Vigelegele vikapaa.

Mjane mmoja, Bibi Matika, akamshika mkono. "Fundi, mwanangu, jana nilitia kata moja. Nilikiona kimepungua."

"Kata moja tu, bibi?"

"Moja tu. Pima tena, baba."

Lugoye, msimamizi wa wapiga michi, akacheka. "Bibi kapata ufundi uzeeni! Siku tatu nyingine, na mawingu yale? Au siku hizi fundi anafundishwa kazi na wateka maji?"

Watu wakaangua kicheko. Chibago aliyatazama mawingu, akakitazama chungu. Alijua la kufanya. Lakini neno lilikuwa limekwisha kumtoka.

"Kata moja haibomoi tuta," akasema.

Mvua ya tatu ililijaza lambo. Asubuhi maji yalichomoza chini ya tuta, membamba kama uzi. Adhuhuri tuta likachukuliwa na maji. Mbeleje walimkuta amenaswa kwenye miiba ya mgunga, pacha mmoja mgongoni, mbeleko ingali imekaza. Wa pili hakuonekana.

Kwenye matanga ya Mbeleje, wanawake walimjia Chibago mmoja mmoja, wakainama. "Pole, baba. Nami nilitia kata moja." Alipofika wa kumi na saba aliacha kuhesabu.

"Ninyi hamkuambiwa," akawajibu. "Mimi niliambiwa."

Tangu hapo, kila tuta alilolijenga, alikaa mwenyewe kando ya chungu siku zote tatu, jua likimchoma utosi. Na kila mwanamke aliyepita na mtungi kichwani alimwinulia mkono, bila ukali:

"Pita, mama. Chungu cha kipimo hakiongezwi maji."