Mpira Mmoja wa Kocha Haskett

Sogeeni karibu, maana kesi hii imekosa hakimu.

Katika chuo kidogo huko Marekani, katikati ya mashamba ya mahindi, alikuwepo kocha aitwaye Orville Haskett. Kabla ya baridi alifundisha ule mpira wao wa kubebwa mikononi na kugongana vifua. Baridi ikiingia, aliwahamishia vijana walewale ukumbini, akawafundisha mpira wa kikapu. Michezo miwili, kichwa kimoja.

Watatu kati ya vijana hao walikuwa na vipaji. Lyle alikuwa na mwili wa fahali. Akisimama mbele yako, safari imekwisha. Emmett alikuwa na macho. Alitazama miguu ya mpinzani akajua itakimbilia wapi. Dewey alikuwa mrefu, na mikono yake haikuachia kitu. Mama yake alisema hata kuku hakuwahi kumponyoka.

Ikafika mechi ya mwisho ya Haskett kabla ya kustaafu, ya ule mpira wa kubebwa, dhidi ya chuo jirani ambacho hakuwahi kukishinda maisha yake yote. Vijana wake walikuwa nyuma kidogo kwa pointi, na nafasi ya kushambulia imebaki moja. Kocha akapaza sauti:

"Ngazi! Chezeni Ngazi!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ngazi ilikuwa mbinu ya mpira wa kikapu: mmoja anarusha juu, mwingine anazuia, mrefu anaruka na kudaka.

"Mzee, kikapu kiko wapi?" mtu akamzomea.

Lakini vijana wake waliielewa.

Emmett akaona mlinzi wa kushoto ameegemea kisigino, akaurusha mpira juu upande huo, mahali ambapo hapakuwa na mtu bado.

Lyle akajiweka ukuta mbele ya wapinzani wawili ili Dewey apite. Bega lake likalia kama kuni kavu. Hakusogea.

Dewey akaruka kama yuko chini ya kikapu, akaudaka kwa ncha za vidole, akaanguka nao ng'ambo ya mstari wa mwisho, panapopatikana pointi. Wakashinda.

Basi, desturi ya chuo ni hii: kwenye karamu ya usiku wa mechi, kocha humpa mtu mmoja tu mpira wa ushindi, mezani, na jina lake huchorwa juu yake. Sahani zikiondolewa kabla haujatolewa, unarudi stoo, unachezewa mazoezini mpaka uchanike.

"Kocha, ungeniponyoka ule mpira, leo tungekula chakula cha matanga," alisema Dewey mezani usiku ule.

"Na ulikufikiaje, ndugu yangu? Kwa posta?" Emmett akamuuliza.

Lyle, mkono umefungwa kitambaa shingoni, akasema, "Mimi sisemi kitu." Akanywa supu. "Ila daktari anasema sitacheza tena."

"Huko ndiko kutosema?" Emmett akamuuliza.

Wakacheka, hata Lyle. Kisha Dewey akasema taratibu, "Au ni wako, Kocha. Wewe ndiye uliyeita Ngazi."

Haskett akaugeuza mpira mapajani. Ni kweli aliita. Lakini aliita kwa akili, au kwa dakika ile alisahau ni majira gani? Alijiuliza tangu uwanjani, na kila alipokaribia jibu, lilimkwepa.

"Orville," mkewe Harriet akamnong'oneza, "wanakusanya sahani."

Kocha akasimama, mpira mikononi. Akamtazama Dewey, akamtazama Emmett, akalitazama bega la Lyle. Mhudumu akaunyoosha mkono kwenye sahani ya mwisho.

Je, msikilizaji, mpira ungekuwa mikononi mwako, ungempa nani?