Mtoto Aliyelizwa Dirishani

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, zamani ya juzi tu, ule mwaka watu walipofunika midomo kwa barakoa na kusalimiana kwa viwiko, walikusanyika watu uani kwa Bibi Mwantumu, kule Kwembago kwenye mashamba ya chai. Alikuwapo Bibi Mwantumu mwenyewe, mwenye ua na mwenye neno. Alikuwapo mwanawe, Mhando. Alikuwapo mke wa Mhando, Mwanamvua, ambaye alikuwa bado akisema maneno mawili anapumzika, akisema mawili anapumzika. Walikuwapo manesi watatu wa kituo cha afya: Nesi Chiku, Nesi Riziki na Nesi Siwema. Na alikuwapo mtoto wa kike wa Mwanamvua, ambaye siku hiyo alitimiza arobaini na hakuwa na jina.

Kukosa jina hakukuwa uzembe. Siku ya saba, siku ya watoto kupewa majina, mama yake alikuwa wodini na homa ya pumzi, na Bibi Mwantumu alisema, "Mtoto haitwi jina huku mama yake akiitwa na kaburi. Tusubiri tuone nani atamwita kwa nguvu zaidi." Wakasubiri. Wakamwita Mtoto, basi.

Sasa mama amerudi. Mikeka imetandikwa, uji wa pilipili manga unatoa moshi, na kila mgeni amekaa hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake, kama ilivyokuwa sheria.

Mwanamvua alikuwa akiwatazama wale manesi watatu kwa wizi. Alikuwa anaona nyuso zao kwa mara ya kwanza. Kule wodini walikuwa macho tu nyuma ya plastiki. Mmoja ana mwanya. Mmoja ana makovu ya tetekuwanga. Mmoja, yule wa pembeni, ana uso wa kawaida kabisa ambao ungeupita sokoni usigeuke. Akawaza, hawa ndio? Hawa watu wa kawaida hivi?

Bibi Mwantumu akakohoa kidogo, watu wote wakamgeukia kwa hofu.

"Ni pilipili manga," akasema. "Msinikimbize kituoni. Nina neno. Katika nyumba hii, mjukuu wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa baba yake. Ndiye somo yake. Ndiye humvisha ushanga wa kwanza, na siku ya harusi yake somo hukaa mbele ya watu wote. Ni haki yangu, nami nimeingoja tangu Mhando anatambaa. Leo naitoa."

"Mama!" Mhando akasema.

"Nyamaza. Naitoa, apewe aliyeniletea hawa wawili wakiwa hai. Ila awe mmoja. Sasa semeni, nani alifanya nini?"

"Tumpe yote matatu," Mhando akasema. "Chiku Riziki Siwema."

"Mtoto si gunia, kila apitaye atie chake. Mtoto mmoja, jina moja, somo mmoja. Sema wewe mwenye mwanya."

Mwenye mwanya alikuwa Nesi Chiku. Alipofungua kinywa tu, Mwanamvua akashtuka, machozi yakamlengalenga. Alikuwa anaijua sauti ile kuliko sauti ya mama yake.

"Bibi, mimi sitaona haya," Chiku akasema. "Nalitaka jina hilo. Mimi ndiye niliyekuwa ndani na mama huyu. Ukishavaa lile vazi la plastiki, hunywi maji, huendi msalani, hujikuni pua, mpaka zamu iishe. Nilimfuta jasho, nikamgeuza, nikamlisha, nikamsemesha. Nilimsimulia mambo yote ya Kwembago, nani kaachika, nani kaposa. Aliponiambia, 'Nesi, nimechoka kupumua,' nilimwambia, 'Basi pumua na mimi, nusu yako, nusu yangu.' Tukavuta pamoja, tukatoa pamoja. Mkono wangu ulikuwa mgongoni kwake. Asingekuwepo mtu wa kupumua naye, angepumua na nani?"

"Kweli," Mwanamvua akasema. Akapumzika. "Kweli tupu."

"Sema wewe mwenye makovu."

Nesi Riziki alikuwa na mtoto wake mwenyewe mgongoni, dume la miezi minane, limelala mdomo wazi.

"Mimi nilikuwa upande safi, Bibi, ule usio na wagonjwa. Mtoto alipozaliwa alipitishwa kwangu hapo hapo, mama hajamwona hata kidole. Alikuwa mdogo kama kiatu. Maziwa ya kopo hakuyataka, aliyatema. Mimi nilikuwa nanyonyesha huyu niliyembeba. Nikaona, hili ziwa lina midomo miwili leo. Huyu kulia, yule kushoto. Nikambeba kifuani ngozi kwa ngozi, maana kituo hakina mashine ya joto. Mpaka mume wangu aliniuliza kwa simu, 'Hivi tumezaa pacha?' Asingepata ziwa, angelikuta jina hilo?"

"Lakini wewe umeshapata chako," Chiku akadakia. "Umemnyonyesha, wewe ni mama yake wa ziwa mpaka kiama. Jina la nini tena? Unataka mboga na ugali na sufuria?"

"Nimepata, na nimepoteza pia," Riziki akajibu. "Huyu mwanangu sasa ni kaka yake. Hawezi kumwoa. Na ona mtoto anavyopendeza! Mkwe nimemkosa, hata jina nalo?"

Watu wakacheka, hata Mwanamvua akacheka, kicheko kikamletea kikohozi, na Chiku akainuka nusu kutoka mkekani bila kujua kwamba ameinuka.

"Haya," akasema Bibi Mwantumu. "Na wewe?"

Alikuwa anamwambia yule wa uso wa kawaida, na sauti yake ilibadilika, maana hawa wawili walikuwa wanajuana. Nesi Siwema ndiye aliyekuwa akikaa kwenye dirisha la kioo kati ya upande safi na upande wa wagonjwa. Hakuingia ndani, na nje alitoka mpaka getini tu. Ndiye aliyemzuia Bibi Mwantumu getini siku alipoleta uji. Bibi alimwita jiwe. Akamwambia, wewe tumbo lako halijazaa. Siwema akapokea chupa ya uji, akasema ahsante, na lango akalifunga.

"Mimi sina la kudai," Siwema akasema. "Sikumgusa mama, sikumgusa mtoto. Nilikuwa dirishani."

"Na chupa yangu ya uji?"

"Iliingia ndani, Bibi. Kinachoingia hakitoki."

"Chupa ya maua mekundu. Mpya."

"Mwanamvua aliunywa wote," Chiku akasema. "Bibi, huyu hatasema. Nitasema mimi, ingawa nalitaka jina. Kila tulichofanya, yeye ndiye aliyekipanga. Kila mgonjwa na kitanda chake, kila mtungi wa oksijeni na kiasi kilichobaki, nani ale, nani ahamishwe karibu na mlango, daktari aanzie wapi, alikuwa navyo kichwani. Sisi wa ndani tulikuwa kama watu gizani, yeye ndiye aliyekuwa anatuambia hatua hii, hatua ile."

"Hata mimi kuwekwa upande safi ni yeye," Riziki akasema. "Zamu yangu ilikuwa ndani. Alinitoa. Nikamkasirikia, nikadhani ananiona mwoga. Akaniambia, 'Yuko mama kitanda cha mwisho, anakaribia kujifungua. Wewe una maziwa. Kaa huku.' Mtoto hajazaliwa, yeye ameshamtafutia ziwa."

Bibi Mwantumu akamgeukia mkwewe.

"Wewe ndiye uliyekuwa huko. Ile siku waliyotupigia simu tuje tusimame getini. Ilikuwaje?"

Mwanamvua akaangalia chini. Ile siku ilikuwa mchana wa mvua, mabati ya wodi yakilia kama yanapigwa mawe, na yeye alikuwa anakwenda. Hakukuwa na maumivu. Alikuwa anateremka tu, kama mtu anayeteremka bondeni kuchota maji, na kule chini palikuwa na ubaridi mzuri.

"Mimi najua yangu," akasema. "Ya nje sijui. Semeni ninyi."

Chiku akasema, "Mtungi ulikuwa unaisha, na stoo hakuna mwingine. Nikagonga kioo, nikamwambia Siwema, 'Unaisha!' Akaniambia, 'Mwingine uko getini, unashushwa.' Nikasema, umetoka wapi? Kumbe asubuhi, mama huyu akiwa bado anaongea, yeye ameshaipigia simu zahanati ya ng'ambo ya bonde, na ameshaliomba lori la majani ya chai liupitie. Akanionyesha kwa mikono, 'Mgeuze! Kifudifudi!' Nikamgeuza. Nikampigapiga mgongo, nikamwambia pumua, nusu yako, nusu yangu. Hakupumua."

"Mimi nilikuwa nimembeba mtoto," Riziki akasema. "Siwema akanigeukia, akasema, 'Mlete dirishani, mlize.' Nikasema, ndiyo kwanza amelala, nimlizeje? Akasema, 'Mfinye.'"

"Mmemfinya mjukuu wangu?" Bibi Mwantumu akaruka.

"Kisigino, Bibi. Kidogo."

"Kidogo!"

"Mara ya kwanza kidogo," Riziki akasema. "Mvua ilikuwa kubwa, sauti haikupita. Nikamfinya tena. Namwomba radhi mpaka leo, kila nikimwogesha nakibusu kile kisigino. Alilia! Siwema akasukuma kile kidirisha cha chini, cha kupitishia dawa, kilio kikaingia wodini."

Watu wote wakamtazama Mwanamvua.

"Nilikuwa nateremka," akasema. Akapumzika. "Nikasikia mkono mgongoni. Mkono ukanisimamisha." Akapumzika. "Nikasikia mtoto analia. Sikuwahi kumsikia, lakini nilijua ni wangu. Ziwa likaniuma. Nikageuka." Akapumzika muda mrefu zaidi. "Nikataka kupanda. Sikuwa na pumzi ya kupandia. Kisha pumzi ikaja, ya baridi, puani. Nikapanda."

Ule mkono wa mgongoni ulikuwa wa Chiku. Kile kilio kilitoka kwenye kifua cha Riziki, na kisingekuwa na nguvu ya kupita mvua kama si maziwa yake. Ile pumzi ya baridi ilikuja na lori la majani ya chai, na lori lilikuja kwa Siwema.

"Mkono peke yake ungenishika tu," Mwanamvua akasema. "Usingenipandisha."

"Kilio peke yake ungekisikia ukalia, basi," Riziki akasema.

"Na mtungi wa maiti hauna faida," akasema Siwema taratibu. "Ulipofika, mtu alikuwa amemshikilia."

Bibi Mwantumu akainuka. Akaenda hadi kwenye mkeka wa Siwema, akasimama karibu kuliko sheria ilivyoruhusu.

"Nilikuita jiwe."

"Nilikusikia, Bibi."

"Ungenifungulia lile lango, leo ningekuwa wapi?"

Siwema akamsogezea mkeka akae. Bibi akakaa, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kujitetea, "Lakini kumwita mjukuu wangu Siwema? Watu watauliza, si mwema, kafanya nini?" Siwema akacheka kwa mara ya kwanza, akaficha uso kwa upande wa kanga.

Mhando akasema, "Mama, umesema mmoja. Basi chagua."

"Sichagui mimi. Mimi nimeshatoa changu." Akamnyanyua mtoto, akamweka mapajani kwa Mwanamvua. "Katika nyumba hii jina huingia kwanza sikioni kwa mtoto, kisha ndipo watu wajue. Mwambie."

Mwanamvua akamwinamia. Akaona kile kisigino kidogo kimetoka nje ya kanga. Akayainua macho. Chiku alikuwa ameshika mikono yake kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Riziki alikuwa anambembeleza mwanawe, huku jicho moja liko hapa. Siwema alikuwa akihesabu vikombe vya uji na kuangalia nani bado hajapata, akamsogezea Mhando kimoja.

Mwanamvua akawaona wote watatu. Akavuta pumzi, pumzi ndefu kuliko zote alizovuta tangu arudi nyumbani, akaweka mdomo wake sikioni kwa mtoto.

Sasa ninyi mnaosikiliza, msiseme haraka. Mmoja alimzuia asiende. Mmoja alimpa sababu ya kurudi, na akamweka hai huyo wa kumrudia. Mmoja hakumgusa yeyote, lakini kila mkono ulipohitajika, yeye alikuwa ameshauweka mahali pake. Jina ni moja. Je, nani alistahili kuwa somo?

Mtoto alipewa jina mchana ule ule. Mwaka huu ameanza chekechea, na mwalimu akiliita, huitika.