Hodi ya Tatu

Wale mnaopenda kuegemea nguzo, egemeeni tu. Leo sigombani na mtu. Mvua inavyolipapasa hili bati, nani asiyesinzia? Tena nina kisa kinachomfaa mwenye usingizi, maana chenyewe kilitokea usingizini. Na kina mama huko nyuma ya pazia sogeeni karibu, kisa hiki ni cha wanawake, ila wanaume nao kitawapata.

Palikuwa na mwanamke mmoja, mshona kofia. Mnazijua kofia za mkono, zile za kutoboa tundu moja moja na kulizungushia uzi, kazi ya miezi. Mikono yake ilikuwa na kofia, na masikio yake yalikuwa na kazi yao nyingine. Yalisikiliza kitabu.

Ndiyo, kukisikiliza, si kukisoma. Utotoni aliugua surua, akalazwa katika chumba cha giza kwa sababu macho hayakutaka mwanga. Siku hizo palikuwa na bibi mmoja akisoma kitabu redioni kila alasiri, kipande leo, kipande kesho. Mgonjwa wetu alipokisikia alinyamaza kulia. Basi dada yake mkubwa, naye bado msichana mdogo, akaenda kuazima redio ya kaseti kwa jirani, akaitazamanisha na redio ya nyumbani pale mezani, akakirekodi kitabu mpaka mwisho, ili mdogo wake awe nacho wakati wowote homa ikimpanda.

Sasa kurekodi kwa namna hiyo, kila kilichokuwamo ndani ya nyumba kiliingia. Jogoo aliingia. Mfuniko wa sufuria ulioanguka jikoni uliingia. Na karibu na mwisho, pale bibi anapokohoa na kugeuza ukurasa, ukitega sikio unamsikia msichana akinong'ona: "Lala, mdogo wangu. Nipo."

Mtoto akapona, lakini kitabu hakikumtoka. Alikisikiliza akiwa mwari anayepambwa. Alikisikiliza akilea wanawe, na walipooa na kuhamia mbali akabaki nacho. Alikisikiliza akikaa eda ya mumewe, na kilimtuliza kuliko maneno ya wengi waliokuja kumpa pole. Kaseti ilipochakaa akaipeleka kwa fundi, kijana mmoja mjuaji, aihamishie kwenye simu. Kijana akasikiliza, akakunja uso.

"Mama, humu mna makelele. Jogoo, masufuria, halafu kuna mtu ananong'ona. Nikusafishie?"

"Weee! Huo mnong'ono ukiugusa, mimi na wewe hatutajuana."

Mnacheka. Lakini nani kati yetu hana kitu chake, cha kale, ambacho akikisikia tu mabega yanashuka na dunia inakuwa nyepesi? Si dhambi. Mwenyezi Mungu katupa masikio, na baadhi ya rehema zake huingia kwa njia hiyo.

Na kitabu chenyewe kilikuwa kitamu. Msichana ametumwa chumvi. Njiani ukungu unamfunika, barabara inamzungusha, anapita miji ambayo watu wake huongea wakiwa wamelala, anavuka mto ambao maji yake hurudi yalikotoka. Anazeeka humo njiani, na chumvi yake mkononi. Mpaka siku moja anaiona nyumba ya kwao, taa inawaka. Anabisha hodi. Kimya. Anabisha tena. Kimya. Anaita ya tatu kwa sauti ya mtu ambaye mguu mmoja umeshageuka, na kutoka ndani mama yake anaitikia: "Karibu, mwanangu. Mlango tuliurudishia tu, hatukuufunga."

Hapo mshona kofia alilia. Kila mara alilia, machozi yale mazuri, yanayomwacha mtu amelala kama mtoto aliyeshiba.

Sasa sikilizeni jambo la pili. Mama yao alifariki alfajiri, akazikwa kabla ya adhuhuri, maana sisi maiti hatumweki. Dada mkubwa aliolewa ng'ambo ya milima, na msimu ule mafuriko yalikuwa yamelibeba daraja. Alifika alasiri, matope hadi magotini, akakuta kitanda cha mama kimeshakunjwa godoro. Aliyetaka kuutazama uso wa mama yake kwa mara ya mwisho akautazama ukuta. Na mdogo wake, aliyemuuguza mama peke yake na kumwona akikata roho, uchungu ulikuwa umemkaba. Akausema mbele za watu wa matangani.

"Umechelewa. Mama kakuita mpaka sauti imemwisha."

"Mdogo wangu, njia ilikatika."

"Basi na undugu umekatika. Mlango huu usiubishie hodi tena."

Dada akafunga vizuri mtandio wake, akaondoka na matope yake. Miaka ikapita. Na kila siku, baada ya sala ya adhuhuri, mshona kofia alipiga komeo mlango wake, akaiweka simu kando ya mto, akamlilia msichana wa chumvi. Yule wa kwenye kitabu alikuwa na machozi yake tele. Wa tumbo moja hakupata hata tone. Mwaona tulivyo?

Siku moja ilinyesha mvua kama hii. Umeme ulikatika tangu asubuhi na simu ilikuwa na chaji kidogo, lakini alikiwasha kitabu chake hivyo hivyo, akajilaza. Sauti ya bibi ikaingia ndani ya mvua, mvua ikaingia ndani ya sauti. Jogoo wa zamani akawika. Mfuniko ukaanguka. Kitanda kikawa chepesi chini yake, chumba kikawa cha giza lile la surua, na harufu ya uji wa mama ikapita mlangoni. Akajiona mwenyewe ndani ya ukungu, ana chumvi mkononi, ananyeshewa na halowi. Bibi akakohoa. Ukurasa ukageuka. "Lala, mdogo wangu. Nipo."

Hodi.

Akatabasamu, amefumba macho. Kumbe msichana ameshafika, alijiambia.

Hodi.

Leo bibi anasoma vizuri, aliwaza, mpaka sauti imelowa kama ya mtu aliyenyeshewa kweli.

Mara simu ikalia kilio kidogo, ikazimika. Kitabu kikakatika pale pale. Chumbani ikabaki mvua peke yake, na ndani ya utulivu ule, pale pale mlangoni, sauti ikaita wazi.

"Hodi."

Akaketi. Aliijua. Ilikuwa sauti ile ile ya mnong'ono, ila imetiwa umri. Moyo ulimruka kwa furaha, nawaambieni kweli, alifurahi; alikuwa ameshasamehe kabla nyayo hazijagusa sakafu. Lakini nafsi haikosi neno. Nafsi ikamwambia: taratibu. Mwache aite. Hiyo ni moja, ataita ya pili, ataita ya tatu, na ya tatu utamfungulia. Na yeye aonje kusubiri.

Basi akakaa ukingoni mwa kitanda. Akafunga kanga yake vizuri. Akayatayarisha hata maneno, yale yale ya kwenye kitabu: Karibu, dada. Mlango niliurudishia tu. Akayaonja mdomoni, akayaona matamu, akasubiri hodi ya pili.

Ndugu zangu, mmehesabu? Msichana wa chumvi alikuwa bado hajafika mlangoni simu ilipozimika. Hodi ya kwanza haikuwa ya kitabu. Ya pili haikuwa ya bibi wa redioni. Ile aliyoiita moja ilikuwa ya tatu. Na sisi tumelelewa vipi? Hodi ni tatu. Usipoitikiwa, rudi.

Alisubiri mpaka kimya kikamtisha. Alipovuta komeo na kufungua, aliona barazani alama za kandambili zenye maji, na ng'ambo ya pili jirani yake anakinga ndoo chini ya bati.

"Shoga, umemwona mtu hapa?"

"Si dada yako! Kasimama hapo kalowa chapachapa. Nikamwambia njoo ukae kwangu mvua ipungue, kakataa. Gari lake lilikuwa linamngoja barabarani."

"Kasema nini?"

Jirani aliitazama ndoo yake kwanza. "Kasema alikisikia kitabu chenu, akajua umo ndani. Alipoita mara ya pili, akasikia umekizima. Kasema: amekizima apate kunisikia vizuri, na amenisikia, na amenyamaza. Akaita ya tatu, akangoja, akaondoka."

Mwanamke alitoka mbio vile vile, bila viatu, mpaka barabarani. Palikuwa na mvua tu.

Kulipokucha alifunga safari. Akavuka milima, akafika kwa dada yake jua limepanda, akausimamia mlango alioususia miaka yote. Ndani mtu alikuwa akitwanga. Akaita: "Hodi." Mchi ukaendelea. Akaita tena, kwa nguvu zaidi: "Hodi, dada." Mchi ukanyamaza.

Ukanyamaza. Je, umenyamaza ili usikie, au umenyamaza ili usiitikie? Yeye aliyekuwa ndani jana, angejuaje leo akiwa nje? Amebakiwa na hodi moja. Akiitoa na isiitikiwe, itambidi arudi. Basi akasimama pale, ameishika mdomoni kama mtoto anavyoushikilia ubuyu wa mwisho, hathubutu kuitoa wala kuimeza. Mimi aliyenipa kisa hiki aliishia hapo. Kwangu mimi, mwanamke yule yuko pale mpaka leo.

Sasa tuje kwetu sisi. Maana mlishaanza kumsikitikia, na huruma mnayo nyingi, nawaona. Sisi ndio watu wa kupenda kusikia habari za msamaha. Ikisomwa aya ya rehema tunalia hapa mpaka zulia linalowa. Kisa cha ndugu waliopatana, tunakitaka kila mwaka, na tukikikosa tunalalamika kwamba mawaidha ya mwaka huu hayakuwa na ladha. Tunarudi nyumbani tumetulia, mabega yameshuka, tunapiga komeo, tunalala. Je, tulipewa maneno yale tuyalalie tu?

Wewe uliyeketi hapo, ndugu yako alipiga simu siku ya Idi, ukaitazama ikilia, ukasema atapiga tena. Wewe ulikutana na shemeji yako sokoni, akakusalimu, ukajifanya unachagua nyanya. Ulijiambia hiyo ni moja. Una hakika gani kwamba ni moja? Nani alikuwa akikuhesabia wakati umelala? Pengine aliyekukosea hakuja jana kwa mara ya kwanza. Pengine amekuja zamani, kwa njia nyingine, kwa sauti ndogo, nawe ukadhani ni mvua.

Mimi siwaambii msipumzike. Sikilizeni vitabu vyenu, tulizeni mioyo yenu, dunia ina homa nyingi. Nasema tu mlango urudishieni. Msipige komeo. Na ukiisikia sauti unayoijua, usimpimie mwenzio, usimwonjeshe kusubiri. Itikia ya kwanza, hata kama ni ndoto. Ukimwitikia mtu wa ndotoni umepoteza nini?

Nimemaliza. Yule aliyelala pale kwenye nguzo, mwamsheni kwa upole. Mwambieni kuna mtu mlangoni kwake, na anayo moja tu iliyobaki.