Mtungi Ambao Hakuna Aliyeugonga

Mwanamke mmoja alikuwa na mikono iliyotiiwa na udongo. Aliitwa Nakijwa, mfinyanzi wa milima ya Upare. Kazi hiyo aliachiwa na marehemu mama yake, akaachiwa na jina zuri juu yake, na sokoni ilitosha kusema mitungi hii ni ya kwa kina Nakijwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kisa chote kimekaa hapa. Soko la vyungu lina desturi yake. Mnunuzi hanunui mtungi kwa macho. Anaupakata, anaugonga kwa kifundo cha kidole, halafu anatega sikio. Mtungi mzima hulia, mlio mrefu unaochelewa kuisha. Wenye ufa hujibu ko, basi, kama mtu aliyenuna. Ukijibu ko, mnunuzi anaurudisha chini na mfinyanzi anauweka pembeni, hakuna ugomvi. Kufinyanga ni kazi ya muuzaji, kugonga ni kazi ya mnunuzi. Nakijwa hakuwahi kugonga mtungi wake mwenyewe hata siku moja. Augonge wa nini, na wenye kugonga wapo?

Kisha akaingia soko la kwenye simu, lile ambamo mtu wa Same anamuuzia mtu wa Kigoma na hawatakutana mpaka kiama. Nyumbani kwake, kwenye kona, ulikaa mtungi alioufinyanga mama yake, umeiva, unang'aa kwa miaka ya kushikwa. Hakuwa anauuza. Lakini huo ndio alioupiga picha, akauweka kuwa sura ya mitungi yake yote. Bei hakuandika, aliandika njoo inboksi, kwa kuwa aliona wenzake wanaandika hivyo. Aliyeuliza kama mzigo upo aliambiwa upo, hata kama ulikuwa bado ni udongo. Jamani! Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ila kwenye simu vyote viwili hutembea vimevaa nguo moja.

Wateja wakaja wengi, naye akafurahi. Mvua nazo zikaja, kuni zikalowa, moto wa kuchomea ukashika kwa kusuasua. Moyo ulimwambia mitungi ile haijaiva sawasawa. Akaunyamazisha moyo, watu wanasubiri mizigo yao. Akaizungushia majani makavu ya migomba, akaipakia kwenye basi. Hapakuwa na mnunuzi wa kugonga, kwa hiyo hakuna aliyegonga.

Siku chache baadaye simu ikalia. Alikuwa Somoe, mwanamke wa Lindi, aliyenunua mtungi ili auweke mbele ya nyumba kwa maji ya sabili, wapita njia wanywe bure na thawabu zimfikie mama yake aliyekuwa amezikwa karibuni. Alikuwa ameujaza maji jioni. Asubuhi akaukuta mtupu, na mchanga chini umelowa.

Nakijwa alikwisha kuandaa maneno. Ni barabara, ni makuli wa basi, wanarusha mizigo. Alikuwa na maneno mengi kwelikweli. Lakini Somoe hakumpa nafasi.

"Dada, usiseme kitu. Sikiliza kwanza."

Akausogeza mtungi karibu na simu, akaugonga. Ko.

Nakijwa aliijua sauti ile. Kazi ya mikono yake mwenyewe ilikuwa inamsema kutoka mwisho wa nchi, na ilikuwa inasema kweli. Alijua Somoe akiandika neno moja baya chini ya ile picha, nchi nzima italisoma, na jina aliloachiwa na mama yake litazikwa kama alivyozikwa mama mwenyewe. Hilo lilimuumiza. Lakini kilichomfanya aketi chini pale pale alipokuwa kilikuwa kingine. Mwanamke huyu hamjui sura, hamjui ukoo. Ameiona picha tu, akaikabidhi kiu ya watu na thawabu za mama yake. Sokoni hakuna aliyewahi kumwamini namna hiyo. Sokoni kila mtu huja na kidole chake. Huyu alimwachia yeye kidole, akamwachia na sikio. Ee Mola, imani kubwa kiasi hiki, naye ameifungasha kwenye majani ya migomba bila kuitazama!

Somoe alikata simu bila kutukana. Nakijwa akainuka, akaenda kwenye kona, akaugonga mtungi wa mama yake. Ulilia, mlio ukazunguka nyumba nzima, naye akalia pamoja nao. Kisha akaenda ghalani, akaipakata mitungi yake mmoja mmoja kama mnunuzi mgeni, akatega sikio. Iliyojibu ko aliivunja kwa mikono yake. Akawaandikia wote aliokwisha kuwatumia, wagonge, na atakayesikia ko atapata mwingine. Picha ya mtungi wa mama akaiondoa. Tangu hapo kila mtungi ulipigwa picha yake wenyewe, bei ikaandikwa waziwazi, na mlio wake ukarekodiwa, asikie aliye mbali.

Kuni zilipokauka akamfinyangia Somoe mtungi mwingine, akauchoma, akaugonga, akautuma. Chini ya picha zake kwenye simu Somoe hakuwa ameandika neno, zuri wala baya. Akangoja, na kungoja kule kulikuwa kuzito. Mwishowe simu ikalia, naye akaipokea. Ilikuwa namba ya Somoe. Kulisikika kata ikichota maji, na sauti ya mtu asiyejulikana ikisema Mungu amrehemu mwenye mtungi. Kisha kidole kikagonga, mtungi ukalia, na Nakijwa akausikiliza amesimama wima mpaka mlio ukaisha.

Nanyi mnaowauzia watu msiowaona, walioyafumba macho yao na kuwakabidhi ninyi kidole na sikio: mtungi wenu nani ameugonga?