Kompyuta Iliyopondeka Pembe

Heri kilichoanguka kikainuka. Mmemsikia shangazi yenu akiyasema hayo gulioni alipokuwa akichagua jiko la mkaa lililopondeka, na muuzaji akacheka badala ya kukasirika, nanyi mkataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka mbali, wala si ya enzi za mababu. Wengi walioyashuhudia yaliyotokea wako hai, na bado wanapanda viazi kulekule. Msemo huu ulizaliwa hivi.

Juu kabisa katika milima ya Ukinga, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi, palikuwa na redio ndogo ya jamii iliyoitwa Redio Umande. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kilichoezekwa kwa mabati, na mnara wake ulisimama nyuma ya ghala la pareto. Mtangazaji wake alikuwa Etina Tweve, mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye sauti nzito iliyotulia. Watu walizoea kusema kwamba sauti ile ilikusudiwa mtu mwingine mwenye mwili mkubwa, ikapotea njia.

Kila neno la Etina lilipita kwenye kompyuta moja mpakato kabla ya kufika mnarani. Kompyuta ikinyamaza, milima yote inanyamaza. Na asubuhi moja, katikati ya tangazo la msiba, ikanyamaza. Kioo kilizimika, harufu ya waya ulioungua ikajaa chumbani, na hapo ndipo ulipokuwa mwisho wake. Ndugu wa marehemu waliokuwa kijiji cha mbali hawakupata habari. Walifika wakakuta kaburi limeshafukiwa.

Etina alikwenda kwa miguu kuwaomba radhi. Walimpokea vizuri, wakampa uji, na huo wema wao ndio uliomuumiza zaidi. Njiani akirudi aliapa moyoni kwamba kompyuta itakayofuata hataichagua kwa macho.

Kamati ya redio ikamtuma mjini Makambako akanunue nyingine, akifuatana na mjumbe mmoja, Mzee Lutengano, mfanyabiashara wa viazi aliyependa vitu vizuri na kofia iliyonyooshwa pasi. Walifika kwenye duka la fundi mmoja aliyeitwa Shabiri. Naye akawawekea kompyuta mbili juu ya meza ya kioo.

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba kama daftari la shule, rangi ya dhahabu. Mzee Lutengano aliipitishia kiganja kama mtu anayempapasa ndama.

"Hii ndiyo yetu," alisema. "Hata mkuu wa wilaya akiingia ofisini, ataona tumeendelea."

Ya pili ilikuwa imetumika. Ilikuwa nene, ya kijivu, na pembe yake moja ilikuwa imepondeka kama sufuria iliyogongwa na jiwe.

Etina hakugusa yoyote. Alianza kwa kuuliza.

"Kaka Shabiri, betri ya hii mpya ikichoka, naitoaje?"

"Haitoki, dada. Imegandishwa ndani. Utaniletea, nami nitaituma Dar es Salaam."

"Na vumbi likiingia?"

"Vilevile."

"Na hii ya kijivu?"

Shabiri akachukua bisibisi, akalegeza skrubu za tumboni, mfuniko ukatoka. "Betri unachomoa mwenyewe. Feni unaifuta mwenyewe. Na vipuri vyake havikosekani, maofisi mengi yalitumia aina hii."

Etina akaomba kiti. Aliiwasha ile ya kijivu, akaandika kwa nguvu kama anavyoandika akiwa na haraka, akaufunga na kuufungua mfuniko mara nyingi, kisha akachomoa waya ukutani ili aone betri itavumilia kiasi gani. Alipokuwa akingoja aliisoma taarifa ya habari kwa sauti, na wapita njia wakasimama mlangoni kusikiliza. Aliifanyia ile mpya vivyo hivyo, hakuionea. Nayo ilifanya kazi vizuri, tena kwa wepesi zaidi. Shabiri aliacha shughuli zake akawa anamtazama tu. Wateja wake wengi huuliza bei na rangi, wakaondoka. Huyu alikuwa anazihoji kompyuta kama mtu anayeposewa binti yake.

Mwishowe akaweka kidole kwenye ile pembe iliyopondeka. "Hapa palipatwa na nini?"

Shabiri alijikuna shingo. Angeweza kutunga neno, lakini hakutunga. "Sitakuficha, dada. Ilikuwa ya mpima ardhi. Ilidondoka kwenye pikipiki, barabara ya mawe. Nilibadilisha kioo tu, ikawaka. Aliitumia tena porini mpaka alipostaafu."

"Na hii mpya ikidondoka?"

Shabiri akacheka. "Hiyo sijui. Haijadondoka bado."

Etina akaisogeza ile mpya kando. Kisha akasema, "Nifungie hii ya kijivu."

"Etina, binti yangu!" Mzee Lutengano alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Tumeshuka milima yote ile kuja kununua majeruhi?"

"Baba, kwetu kila kitu huanguka. Mabati huanguka, nguzo za umeme huanguka, sisi wenyewe tunateleza. Hii mpya nitaijua tabia yake siku ya shida. Ya hii nimeshaijua."

Mzee Lutengano hakumsemesha njia nzima. Huko mlimani nako watu walicheka. Waliipa kompyuta ile jina la Kibogoyo, na watoto waliochungulia dirishani waliulizana meno yake yameng'oka lini. Etina hakubishana na mtu. Aliifuta vumbi kila asubuhi, akafanya kazi yake.

Masika yakaja na mvua ambazo hazikuwa na adabu. Alasiri moja ya siku ya gulio, umeme ulikuwa umekatika tangu mapema, mnara ukiendeshwa kwa nguvu ya jua iliyohifadhiwa na kompyuta kwa betri yake. Simu ya Etina ikaita. Alikuwa Zelida, mwenye duka karibu na Mto Lunyati.

"Etina, daraja limekwenda! Maji yamelibeba lote, na watu wa gulioni ndio wanateremka sasa hivi!"

Etina akafungua kipaza sauti. Hakuwahi kumaliza sentensi ya kwanza. Upepo uliinua bati, boriti ikashuka juu ya meza, na Kibogoyo ikapiga sakafu ya saruji kwa kishindo. Kioo kikawa cheusi. Redio Umande ikanyamaza.

Alipiga magoti kwenye maji ya mvua yaliyoingia paani. Akawaona tena wale ndugu wa marehemu, na bakuli la uji mikononi mwao. Akabonyeza kitufe. Kimya. Akaigeuza, akaisukuma betri iliyokuwa imechomoka nusu mpaka ikalia "tak" mahali pake, akabonyeza tena. Feni ikavuma. Mwanga ukaja polepole, na mstari wa ufa ukipita katikati ya kioo. Etina akaifunika kwa kitenge chake, akainama chini yake, akasema:

"Aliye njiani kuelekea Lunyati, asimame hapo alipo. Daraja halipo. Narudia, daraja halipo."

Lori la viazi lilikuwa linashuka kilima cha mwisho, limejaa magunia na akina mama juu ya magunia. Mzee Lutengano alikuwa mbele, kando ya dereva. Walikuwa wameisikia redio ikikatika katikati ya neno, dereva akasema, "Kibogoyo kimekufa," wakacheka wote wawili. Kisha sauti nzito ikarudi. Dereva akakanyaga breki, lori likaserereka kwenye tope, likasimama. Waliposhuka na kutembea hadi kwenye kona, waliona maji ya kahawia yakipita kwa kasi mahali palipokuwa na daraja, na ng'ambo ya pili Zelida akiwapungia khanga huku akilia.

Mzee Lutengano alirudi mlimani kwa miguu. Alimkuta Etina angali amepiga magoti, angali anatangaza, sauti imemkauka. Akavua koti lake akamfunika, akatulia mpaka alipomaliza. Kisha akaitazama kompyuta.

"Sasa ina pembe mbili zilizopondeka," alisema.

"Basi imepanda daraja, baba," Etina akajibu, na wote wawili wakacheka wakiwa wametota chapachapa.

Mvua zilipokwisha, kijiji kilikutana kuchagua wa kusimamia ujenzi wa daraja jipya. Jina la Zelida likatajwa. Mtu mmoja akasimama akapinga. Alisema mwanamke yule duka lake liliwahi kuungua likabaki majivu, akalala kwa jirani na wanawe. Angewezaje kukabidhiwa mali ya watu?

Mzee Lutengano aliinuka, akaivua kofia yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mkutanoni.

"Na baada ya kuungua?" aliuliza. "Nani alilijenga upya? Nani amewakopesha chumvi ninyi nyote mliokaa hapa? Kuna wengine hapa hatujawahi kuungua, hata mimi. Tutafanya nini siku hiyo, hakuna anayejua. Yeye tumeshamwona." Akamtazama Etina aliyekaa nyuma, kisha akawageukia wenzake. "Ndugu zangu, heri kilichoanguka kikainuka."