Mabuti Mlangoni kwa Bupe

Ndugu zangu, mfano wa leo una watu wenye majina, na majina hayo nimeyatunga mwenyewe. Ningeweza kusema "mtu mmoja" na "jirani yake", lakini nimeona kwamba mtu asiye na jina huwafanya wasikilizaji wageuze shingo kumtafuta humu ndani. Basi msimtafute. Anaitwa Ambakisye Mwasomola, na jirani yake ni Bupe Mwakyoma. Sasa tunaweza kutazama mbele.

Ambakisye alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi katika mji mdogo wa milimani, mji wa chai na migomba, ambako mvua hunyesha hata watu wakasahau kuitaja. Mji huo ulikuwa na desturi yake. Hakuna aliyeingia nyumbani wala dukani kwa mtu na mabuti yenye matope. Aliyavua, akayapanga mlangoni, akaingia kwa soksi. Kwa hiyo mpita njia hakuhitaji kuchungulia ili ajue duka lipi lina watu. Alitazama chini tu.

Kwa miaka mingi mabuti yalikuwa mlangoni kwa Ambakisye. Ndiye aliyeleta kompyuta katika mtaa ule, akaitwa fundi, ingawa kwa kusema kweli alikuwa mpiga chapa. Dawa yake ilikuwa moja: kompyuta ikisumbua, aliipiga window. Ndivyo mnavyosema mitaani. Jina lake halisi ni kuweka upya mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoziamsha programu nyingine zote, na kwa njia aliyoijua Ambakisye, kila kilichokuwa ndani ya mashine kilifutika. Mashine ina virusi, window. Mashine nzito, window. Mwenyewe amesahau nywila, ile mnayoiita paswedi, window. Watu walipoteza picha za harusi zao wakashukuru, kwa sababu mashine imewaka.

Kisha Bupe akarudi kutoka chuoni, akafungua duka ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango. Alitumia mfumo wa bure, ule usionunuliwa wala kuibwa, na aliutia katika kompyuta kuukuu ambazo shule ya sekondari ilikuwa imezirundika stoo pamoja na madawati mabovu. Zikafanya kazi. Walimu wakamsifu. Masista wa zahanati wakamsifu. Mabuti yakaanza kuvuka barabara, jozi baada ya jozi.

Mnadhani Ambakisye alifanya nini? Alivuka akamuuliza yule binti anafanyaje? Hapana. Alihamisha kiti chake kutoka ukutani hadi dirishani.

Kutoka hapo aliwajua watu kwa mabuti yao. Yale ya kijani yalikuwa ya karani wa kiwanda cha chai, ambaye tangu ujana wake alichapiwa barua na Ambakisye. Yale madogo yenye maua yalikuwa ya mwalimu mkuu. Kila jozi iliyopangwa kule aliihisi kama jozi iliyoibwa kwake. Aliacha kunywa chai ya saa nne, kwa kuwa mtu anayekunywa chai huangalia kikombe, na yeye hakutaka kuangalia pengine.

Akaanza pia kusoma habari za teknolojia katika simu, jambo ambalo hakuwa nalo zamani. Akisoma kwamba mahali fulani duniani taarifa za watu zimeibwa, aliwaeleza wote waliopita kibarazani, kisha akamalizia kwa kuuliza mfumo wa bure unamnufaisha nani. Akisoma kwamba akili bandia itaandika barua zote za dunia, alifurahi, maana hata Bupe angekosa kazi. Je, hamjapata kuiona furaha ya namna hiyo? Mtu yuko radhi nyumba iungue, mradi ya jirani iungue kwanza.

Siku moja aliwaambia waliokuwa kibarazani, "Mtu anayekupa kitu bila kukudai anakuchungulia. Mimi mteja wangu ananilipa, tunaachana salama."

Lusajo, kinyozi wa chumba cha pili, alikuwa akisafisha mashine yake ya kunyolea. "Mteja gani, fundi?" akauliza. "Hayo mabuti hapo mlangoni kwako ni yako mwenyewe. Nayajua kwa kile kiraka."

Watu walicheka, na Ambakisye akacheka pamoja nao, lakini maneno yale yalimchoma kwa kuwa yalikuwa kweli. Kila asubuhi aliweka mabuti yake ya zamani mlangoni ili mji uone kwamba ana mtu ndani. Ndani alikuwa yeye peke yake, kwa soksi, dirishani.

Sasa nawaomba mnifuate vizuri, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Mke wa Ambakisye, Tusekile, alikuwa mwalimu wa kwaya. Alikuwa ametunga wimbo kwa ajili ya jubilei ya usharika wao. Simu yake ilikuwa kitochi, ile ndogo ya vitufe, kwa hiyo aliuimba na kuurekodi wimbo huo katika kompyuta ya ofisi ya kanisa, sauti moja baada ya nyingine: ya kwanza, ya pili, ya tatu ambayo wanakwaya huiita tena, na besi akiishusha sauti yake kadiri ya uwezo wake. Alikuwa amekwisha kuwafundisha wanakwaya sauti ya kwanza tu alipougua, na hakuinuka tena. Sauti tatu zilizobaki zilikuwa ndani ya mashine ile na si mahali pengine. Ambakisye ndiye aliyeitunza mashine, na ni nadra mwingine kuiwasha. Mwenyewe hakuthubutu kuzisikiliza. Alisema moyoni kwamba atazisikia siku ya jubilei, kwaya nzima ikiziimba, na alikuwa akiingoja siku ile kuliko alivyoonyesha kwa mtu.

Katika kikao cha wazee wa kanisa mmoja akasema kompyuta ya ofisi imekuwa nzito, labda Bupe aitazame. Lilisemwa bila ubaya, kati ya habari za paa na za mchango wa viti. Ambakisye hakuinua macho. Kesho yake adhuhuri aliingia ofisini wakati mchungaji ametoka, akabadilisha nywila. Aliandika maneno marefu, kwa hasira, huku akimwazia yule binti akihangaika mbele ya kioo na mji mzima ukimtazama. Alikuwa anafikiri juu ya Bupe, hakuwa anafikiri juu ya maneno.

Ilipokaribia jubilei, mchungaji akamwomba atoe zile sauti ili kwaya ifanye mazoezi. Ambakisye akaketi mbele ya mashine akaandika nywila. Ikamkatalia. Akajaribu jina lake, jina la mkewe, jina la mto wa kwao, kwa herufi kubwa na kwa herufi ndogo. Mashine ikamjibu kila mara kwa adabu ileile kwamba amekosea. Dawa aliyoijua ilikuwa moja, nanyi mnaijua: kupiga window. Na window ingeifuta sauti ya Tusekile.

Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni. "Imeshindikana?" akauliza. "Basi tumwite Bupe."

Ndugu zangu, kulikuwa na jibu fupi la kweli: "Nimesahau nywila." Maneno mawili. Mtoto angeweza kuyasema. Lakini Ambakisye aliona mabuti ya wazee wote wa kanisa yamepangwa mlangoni kwa Bupe, naye amesimama nje kama mgeni katika msiba wake mwenyewe.

"Diski imekufa, mchungaji," akasema. "Bupe hafufui maiti."

Mchungaji akamshika bega, akampa pole. Hilo ndilo lililomuuma Ambakisye kuliko yote, kupewa pole kwa uongo wake. Aliomba aichukue mashine ile kama kumbukumbu, wakamkubalia. Aliiweka pembeni dukani akaifunika kwa kanga ya marehemu, ili mtu yeyote asije akaigusa.

Siku ya jubilei kwaya ilisimama. Wale wa sauti ya kwanza wakaimba wimbo wa Tusekile peke yao. Wengine walisimama katika mistari yao, wamevaa majoho, wamefumba midomo, kwa heshima ya mwalimu wao. Bupe alikuwa miongoni mwa waliofumba, maana aliimba sauti ya pili. Watu walilia, wakasema imependeza. Lakini Ambakisye, aliyekaa benchi la wazee, hakuusikia wimbo. Alisikia mahali palipo patupu, pale ambapo tena walipaswa kuingia na hawakuingia, pale ambapo besi walipaswa kuwashika na hawakuwashika. Katika kanisa zima, yeye peke yake alijua kwamba sauti zile hazikufa. Zilikuwa dukani kwake, chini ya kanga.

Aliondoka kabla ya chakula. Mvua ilikuwa inanyesha, akafika dukani amelowa. Aliibeba mashine kifuani, akaifunika kwa koti lake mwenyewe, akakaa dukani na koti likiwa limelowa mpaka alipomwona Bupe akirudi kufungua mlango wake. Kisha akavuka barabara. Mlangoni kwa Bupe akavua mabuti, akayaweka pale, mbele ya macho ya Lusajo na ya mtaa wote.

"Shikamoo, baba," Bupe akasema. "Karibu ukae, umelowa."

Hakukaa. "Diski nilisema imekufa," akasema. "Haijafa. Nimesahau nywila."

Bupe hakucheka, wala hakuuliza kwa nini alidanganya. Aliipokea mashine kwa mikono miwili, akaunga nyaya, akachomeka flashi ndogo yenye ule mfumo wake wa bure. Ambakisye aligeuza uso ukutani. Hakutaka kumwona akibahatisha nywila, na zaidi hakutaka kumwona akiipata.

"Tayari, baba. Faili za mama ni hizi."

"Umeipataje nywila?"

"Sikuulizwa nywila. Ile inamzuia anayeingia kwa mlango wako. Mimi nimeiamsha mashine kwa mfumo wangu, sikupita huko."

Ambakisye akageuka, akatazama kioo. Majina ya zile faili yalikuwa yamejipanga pale, wazi, kama mabuti.

"Kwa hiyo ungeweza kufungua siku yoyote?"

"Siku yoyote ile."

"Hata siku ileile niliyobadilisha?"

"Hata siku ileile, baba."

Hapo akakaa. "Basi nilimfungia nani?" akauliza, lakini aliuliza polepole, na Bupe akafanya kana kwamba hakusikia. Akabonyeza faili moja. Ikasikika sauti ya Tusekile akikohoa kidogo, kisha akisema, kama alivyowasema siku zote, "Tena, leo msinikimbie." Halafu akaanza kuimba, na mumewe, aliyekuwa amejinyima sauti ile tangu siku ya mazishi, akaisikia kwa mara ya kwanza katika duka alilolichukia.

Wimbo ule uliimbwa wote, sauti nne, katika Jumapili moja ya kawaida, watu wakiwa wachache kwa sababu ya mvua. Ulikuwa mzuri. Lakini jubilei ilikuwa imepita, ndugu zangu, na jubilei hairudishwi kwa kuomba radhi. Mfano wangu siwezi kuusafisha zaidi ya hapo.

Sasa tusimseme Ambakisye. Nimekwisha kuwaambia hayupo. Tujiseme sisi. Tunapomwonea mtu wivu tunadhani tumemfungia yeye. Tunamnyima salamu, tunamnyima sifa aliyostahili, tunaficha tunachokijua ili asije akapanda juu yetu. Tunakaa dirishani tukingoja ahangaike. Naye anaamka asubuhi, anafungua duka lake, anaimba sauti yake ya pili, wala hajui kama kuna kufuli. Nani basi yuko nje? Nani hajasikia sauti aliyoipenda, tangu lini? Wewe uliyeacha kuongea na ndugu yako kwa sababu watoto wake wamefaulu, ni yeye aliyekosa kitu, au ni wewe uliyekosa kuwashika mkono wale watoto?

Na uongo wetu hupokewa kwa upole. Hilo litutie hofu. Watu hutupa pole, hutushika bega, hutuachia mashine tuibebe kwetu. Hakuna atakayekuja kuifunua ile kanga kwa nguvu. Hata Mungu, kwa jinsi ninavyomfahamu, hafungui mlango wa mtu kwa teke. Kuvuka barabara ni kwetu.

Barabara yenyewe ni nyembamba. Ambakisye aliitazama siku zote zile kutoka dirishani, na alipoivuka alifika kabla koti halijalowa upya. Kilichokuwa kizito hakikuwa mashine. Kilikuwa kuinama mlangoni kwa Bupe, mchana, watu wakiona, na kuvua mabuti.

Ninyi mnaojua mabuti yenu yako wapi leo, yale mliyoyaweka mlangoni kwenu wenyewe ili watu wadhani mna wageni, nendeni mkayachukue. Mkayavae. Kisha mkayavue mlangoni kwa yule ambaye hamtaki kuonekana mlangoni kwake.