Kichwa cha Nyumba ya Mize

Hapo zamani, katika mji wa Kitongani, mambo yalibadilika siku ya Alhamisi, mwezi kumi na saba Shaabani, saa tatu ya asubuhi, alipofariki Bi Mwanaidi, mama yake Sultani Shee. Muda wote wa uhai wake hakuna aliyethubutu kumtoza maskini kodi kwa kuhesabu nyumba na mtoto wake. Alipozikwa, na matanga hayajaondolewa, Waziri Dendego akapiga mbiu ya kwamba kila nyumba itoe mpunga uwekwe katika ghala la mji, utolewe na kichwa cha nyumba, na nyumba yenye mtoto isamehewe nusu. Watu wakauliza kichwa cha nyumba ni nani. Waziri, akitaka kumpendeza bwana wake, akajibu, "Ni yule ambaye akipaza sauti wote husimama, na akilala wote hunong'ona." Sultani akaipenda sana tafsiri ile, kwa kuwa alijiona ndani yake.

Basi alikuwako mfua nazi, jina lake Chembe, hana mali ila kifuo chake cha kuchania makumbi na ulimi wake. Yeye na Bi Rukiya walikuwa wameachana kwa talaka, wakabaki wakisalimiana vizuri kuliko walipokuwa wameoana. Mtoto wao mmoja, Mize, alikuwa bado ananyonya. Usiku alilala kwa mama yake, na mchana, mama akitembeza vitumbua, alishinda kwa baba yake.

Ikawa Waziri alipopita kwa Bi Rukiya akaambiwa, "Mtoto ni wangu." Alipofika kwa Chembe akaambiwa vivyo hivyo. Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililomkasirisha. Akawapeleka barazani kwa Sultani.

Sultani akasema, "Mtoto mmoja hawezi kupunguza mpunga wa nyumba mbili. Nanyi si mume na mke, hata niseme nyumba ni moja."

"Seyyid," akasema Waziri, "mtoto mwenye nyumba mbili hana nyumba. Na aandikwe hapa jumbani, kama wale mayatima."

Kwa maana Waziri alikwisha kuwaandika mayatima wote wa mji kuwa watoto wa jumba, jumba likasamehewa na kusamehewa hata lisitoe punje. Mayatima wenyewe hawakujua mlango wa jumba uko upande gani.

Bi Rukiya akauliza taratibu, "Ataandikwa tu, bwana, au atachukuliwa?"

"Atachukuliwa," akajibu Waziri. "Wale hawana wa kuwadai. Huyu anaye mama, lazima akae ndani."

Bi Rukiya akamkumbatia mwanawe. Sultani akaona haya kidogo, akasema, "Nawapa hata kesho adhuhuri. Nileteeni kichwa cha nyumba ya mtoto huyu. Kimoja, si viwili. Mkishindwa, mtoto ni wa jumba."

Njiani Bi Rukiya akasema, "Baba Mize, sema ni mimi. Wewe utoe mpunga mzima."

"Nusu sina, nzima nitaitoa wapi? Sikiza, Mama Mize. Kesho ikikaribia adhuhuri usimnyonyeshe."

"Umerukwa na akili."

"Hilo mji mzima unalijua. Wewe usimnyonyeshe."

Siku ya pili Chembe akaingia barazani, Bi Rukiya nyuma yake, akamlaza Mize juu ya zulia. "Seyyid, kichwa hiki hapa."

Waziri akacheka. "Chembe, nazi imekuangukia utosini."

"Huenda, bwana. Lakini tafsiri ni yako."

Mara Mize, njaa imemshika, akalia. Akalia kilio cha mtu asiyemjua sultani wala waziri. Mpepeaji akaacha upepeo, askari wakainuka, Waziri akasimama ameziba masikio. Sultani naye akashuka kitini, akamwinua mtoto, akatembea naye huku na huku, na pasipo kujua akaanza kumwimbia wimbo ambao Bi Mwanaidi alikuwa akimbembelezea yeye. Mize akashika ndevu zake, akalala.

"Seyyid, sasa hukumu..." akaanza Waziri.

"Punguza sauti," akanong'ona Sultani. "Utamwamsha."

Chembe naye akanong'ona, "Amepaza sauti, mmesimama. Amelala, mnanong'ona. Kwa mama yake ni hivyo, na kwangu ni hivyo. Nyumba ni mbili, kichwa ni kimoja. Ukipenda mwandike hapa, lakini mpunga wa jumba atautoa yeye, nawe Seyyid utaandikwa kuwa mtu wa kulishwa na Mize."

Sultani akacheka kwa kujizuia, ndevu zikatikisika mkononi mwa mtoto. Kisha kicheko kikakatika, kwa kuwa wimbo ule ulikuwa ungali kinywani mwake. Akauliza, "Dendego, wale mayatima uliowaandika, akilia mmoja wao, nani husimama?"

"Hakuna, Seyyid," akanong'ona Waziri.

"Basi Mize atahesabiwa kwa mama yake na kwa baba yake pia. Na mpunga ambao jumba halikutoa utapelekwa kwa mayatima, mlango kwa mlango. Utaubeba wewe, juu ya kichwa chako."

Bi Rukiya akampokea mwanawe, akaketi pale pale upenuni, akamnyonyesha. Na mji wote ukatoka kumtazama Waziri akipita na gunia.

Watu hao wote wamekwisha kutangulia. Ewe Mola, mrehemu Bi Mwanaidi, ambaye sauti yake katika wimbo ule ilihukumu kwa haki naye yumo kaburini. Uwarehemu na wetu tuliowazika, uwapanulie makaburi yao, utukutanishe nao kwa kheri. Amina.